Punda kagoma mkokoteni, nimekosea wapi?

Wakuu mbukwenyi. Niko Kibaigwa, nina punda dume, kwa meno ni kama miaka 3 hivi, mpole, ukishika kamba anakufuata mpaka kisimani. Balaa ni mkokoteni. Juzi nimemfunga mara ya kwanza, gurudumu likalia kwenye mawe akaganda kama kisiki, nikamcharaza viwili akarudi nyuma mkokoteni ukaingia mtaroni, dogo aliyekaa juu karuka. Sasa akiona tu ile miti miwili ya mbele hasogei. Nira nimekata ya ng'ombe. Nimuuze?

Mgogo Halisi: Usimuuze mkuu, umemrusha madarasa. Kukufuata ni kitu kimoja, kutangulia huku sauti yako inatokea nyuma ni kingine kabisa. Chukua kamba mbili ndefu, funga kulia na kushoto kwenye hatamu, tembea nyuma yake pembeni kidogo mateke yasikufikie, neno moja la kwenda na moja la kusimama, usibadilishe badilishe. Nenda hivyo siku kadhaa bila kuvuta kitu. Akikata kona vizuri ndo tairi bovu la pikipiki, ila kwanza mtu aliburute pembeni yake alisikie, halafu nyuma, mwisho ndo umfunge. Na fimbo weka chini. Farasi akiogopa anatimka, punda mara nyingi anasimama kwanza apime, wewe unaona kiburi unachapa, yeye anajua mkokoteni ndo unaouma.

Fundi Mikanda: Hiyo nira toa leo leo. Ng'ombe anasukuma kwa nundu, punda nundu hana, nguvu yake iko kifuani. Mi wangu nilimshonea mkanda mpana wa kifuani, mikanda ya siti za gari bovu nikatandika gunia ndani, usipande kubana koo. Weka na wa matakoni, bila huo kwenye mteremko mkokoteni unamgonga miguu ya nyuma. Waya usiguse, vidonda vyake haviponi leo wala kesho.

Mama Mpwapwa: Miaka 3 mtoto huyo, magunia asubiri mwakani. Mnasema punda afe mzigo ufike, akifa mtaubeba nyie?

Mwenye punda: Asanteni. Leo dogo kaburuta tairi, punda kaganda, nikanyamaza tu. Baadaye masikio yakalegea, akalifuata mwenyewe akalinusa. Shida ni dogo sasa, kesho anataka soda kwanza.