MJADALA: Familia nne, sebule moja, mwalimu mmoja. Serikali ya Kenya ituruhusu au ituzuie?

Mwalimu wa Sebuleni (Kitengela)

Wanajamvi, salaam. Ninaleta jambo ninalolijua kwa sababu ndilo linalonilisha, naomba tulijadili bila matusi.

Mimi ni mwalimu niliyesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya. Kwa miaka mitatu sasa ninafundisha watoto tisa wa familia nne zinazosali kanisa moja. Jumatatu hadi Alhamisi tunakutana sebuleni kwa mmoja wao, Ijumaa kila mzazi anabaki na wake. Kila familia hutoa shilingi 9,000 kwa mwezi. Wakubwa wanatumia vijitabu vya PACE vya Accelerated Christian Education, mtaala ulioanzia Texas mwaka 1970: mtoto anasoma mwenyewe, akikwama anasimamisha kibendera, nami naenda. Wadogo nawafundisha kwa vitabu vya CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, maana sikubali mtoto wa Kenya akue anajua sarafu za Marekani kabla ya kujua kuhesabu chenji ya duka la hapa mtaani.

Muhula uliopita geti liligongwa saa nne asubuhi. Mzee wa mtaa, na mgeni tusiyemjua. Mama mwenye nyumba alituangalia tu, na watoto wakajua la kufanya kwa sababu walikuwa wamezoezwa: vitabu chini ya makochi, ludo mezani. Wakiulizwa, "tumekuja kucheza." Kumbe wale watu walikuwa wanaandikisha nyumba kwa ajili ya maji, wakaondoka. Msichana wa miaka minane akavuta kitabu chake kutoka chini ya kochi, jalada limekunjika, akaanza kulinyoosha kwa kiganja. Akaniuliza, "Mwalimu, tumedanganya?" Asubuhi ileile tulikuwa tumekariri pamoja, usimshuhudie jirani yako uongo.

Nilimwambia tutaongea baadaye. Sijaongea naye mpaka leo.

Hoja yangu ni hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Hayo maneno "taasisi nyingine" yapo tayari. Waziri ana uwezo wa kuvitambua vikundi kama chetu kesho asubuhi, kwa masharti. Kwa sasa tuko gizani: kifungu cha 76 kinakataza mtu kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa, na usajili uliopo ni wa shule kamili, yenye majengo na vyoo vya kukaguliwa na afya ya umma. Sebule yenye watoto tisa haiwezi kuwa hivyo, wala haihitaji kuwa hivyo.

Vikundi hivi vitambuliwe, au vifungwe? Karibuni.

Baba wa Malindi

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu. Lakini mimi natoka Kilifi.

Mwaka 2023 tulifukua maiti zaidi ya 400 msitu wa Shakahola. Kabla ya kufunga hadi kufa, waumini wa dhehebu lililokuwa huko waliambiwa shule ni za shetani, na wazazi wakawatoa watoto madarasani. Nani aliuliza wameenda wapi? Jirani yangu wa zamani alikuwa na wajukuu wawili huko. Sare zao bado zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, nyanya yao anakataa zitolewe.

Shule yaweza kuwa mbovu, mwalimu mvivu, lakini mtoto akikosekana wiki mbili kuna daftari la mahudhurio lenye nafasi tupu mbele ya jina lake. Sebuleni daftari hilo liko wapi? Kila anayewafunga watoto nyumbani husema ni imani. Mimi siwezi kuunga mkono.

Mama Wanne

Pole sana ndugu wa Malindi. Nasema langu kwa ufupi. Mwanangu wa tatu alikuwa darasa la watoto sabini na kitu, Gredi ya 4, hasomi hata sentensi moja, na ripoti inasema "anakaribia matarajio". Katika kikundi cha watoto sita amejua kusoma ndani ya miezi saba. Dini ilitukutanisha, lakini kilichotufanya tubaki ni kwamba mwalimu anamjua kila mtoto anakwama wapi.

Binti wa Mvita

Asalaam aleikum. Naona mjadala unaenda kana kwamba imani na shule ni lazima mtu achague kimoja. Sisi pwani tumekulia asubuhi shuleni, jioni chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi, Jumamosi tena. Hakuna aliyetuuliza tunafichana nini.

Na kuna mfano wa karibu kabisa na hiki kikundi chenu. Miaka ya 1980, hapa Mombasa, wazazi Waislamu walitaka watoto wadogo wapate msingi wa dini na pia wawe tayari kwa darasa la kwanza. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation zikaanza shule za awali za madrasa: mama wa mtaani anafunzwa ualimu, kamati ya wenyeji inasimamia, Kurani na nyimbo na kuhesabu vipo siku moja. Mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Uliaminika kwa sababu ulikuwa wazi, mtu yeyote wa mtaa angeweza kuchungulia dirishani akaona.

Kwa hiyo mwalimu mimi siko kinyume nawe. Ila nakuuliza: kikundi chenu kikitambuliwa, mtoto wa Kiislamu wa nyumba ya pili atapokelewa? Kama jibu ni hapana, basi hao watoto tisa watamjua vipi jirani yao?

Mstaafu

Nimefundisha miaka 34, kumi na moja nikiwa mwalimu mkuu. Naongeza mawili ambayo wazazi wa vikundi hivi huyagundua wamechelewa.

La kwanza ni KNEC, baraza la mitihani. Katika mtaala wa umilisi alama hazingoji mtihani wa mwisho. Tathmini za shuleni zinaanza kukusanywa mtoto akiwa Gredi ya 4, shule ndiyo inayoziingiza kwenye mfumo, na zinahesabiwa pamoja na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Mtoto asiye na shule hana wa kumwingizia. Wenye pesa watasema tutafanya IGCSE, mtihani wa kimataifa. Sawa, wenye pesa. Na wale wa shilingi 9,000?

La pili, msidhani Ulaya yote iko upande wenu. Familia ya Konrad, Wakristo wa Ujerumani, ilienda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikitaka kusomesha watoto nyumbani kwa sababu za imani. Mwaka 2006 ikashindwa. Mahakama ilisema wazazi bado wana jioni na wikendi za kuwafundisha dini. Ndivyo anavyosema Binti wa Mvita, na shule zetu zina CRE (somo la dini ya Kikristo), IRE (la Kiislamu), na kipindi cha PPI, cha malezi ya kiroho, kila wiki. Tumieni hivyo kwanza.

Mwalimu wa Sebuleni

Nimerudi. Niliacha siku mbili zipite kwa sababu ya ujumbe wa Baba wa Malindi, sikutaka kumjibu haraka.

Ndugu yangu, sina neno la kupunguza uliyoyaona. Umeuliza daftari liko wapi. Ninalo, la mraba, nalijaza kila siku saa mbili na robo. Lakini umesema kweli, halisomwi na mtu yeyote nje ya sebule, na daftari linalosomwa na aliyeliandika peke yake halimlindi mtoto. Ndiyo maana nataka tusajiliwe. Ukitufunga, familia mbili kati ya nne zitarudisha watoto shuleni. Hizo nyingine mbili, nazijua, zitahamia kwenye nyumba yenye ukuta mrefu zaidi, bila mimi, na hakutakuwa na mwalimu wa TSC wala daftari. Hilo linanitisha kuliko kupoteza kazi.

Mstaafu, kuhusu Konrad umenifundisha. Nami nakukumbusha kwamba Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake, na Katiba yetu, ibara ya 53, inaweka maslahi ya mtoto juu ya yote. Nikizisoma pamoja naelewa hivi: mzazi achague, lakini mtoto aonekane. Kuhusu KNEC sina ubishi, limeninyima usingizi. Pendekezo langu ni kila kikundi kifungamanishwe na shule ya msingi ya jirani. Tathmini ifanyiwe pale, alama ziingizwe na pale, na watoto wetu wacheze mpira na wenzao pale Ijumaa.

Binti wa Mvita, umeniuliza swali gumu kuliko yote. Kwa sasa jibu ni hapana. Mzazi mmoja alinivuta kando nilipoligusia, akasema kikundi ni cha "watu wetu". Nilinyamaza. Sikupaswa kunyamaza, na nikikutana nao Jumapili nitasema.

Baba wa Malindi

Nimekuelewa. Bado sijakubali. Nani atakayekuja kuwaona hao watoto, na mara ngapi? Afisa wa elimu hapa kwetu hana hata gari.

Mwalimu wa Sebuleni

Mara moja kila muhula, bila taarifa, mwalimu mkuu wa shule tuliyofungamanishwa nayo au anayemtuma. Anahesabu vichwa, anampa kila mtoto ukurasa asome, anakaa naye dakika kumi peke yake bila mzazi wala mimi. Anatembea kwa miguu, shule iko mita mia nne kutoka kwetu. Mzazi atakayekataa hilo, watoto wake waende shule siku inayofuata.

Wiki ijayo napeleka barua kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na jina langu na namba yangu ya TSC viko juu. Najua naweza kuulizwa kwa nini nimefundisha miaka mitatu bila usajili, nami nitajibu. Mama watatu kati ya wanne wamekubali kutia sahihi. Nimempa yule msichana nakala akae aisome, na amenionyesha mahali nilipokosea tahajia.