Msitu ukishaungua: tupande miti au tuuache ujiotee?

Mtoa mada: Wakuu, kila msitu ukiungua, kabla majivu hayajapoa utasikia kampeni ya kupanda miti. Mimi napinga. Mwaka 1988 moto ulipita kwenye zaidi ya theluthi moja ya Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, watu wakatangaza msiba. Lakini misonobari mingi ya kule ina koni, yaani vikonyo vigumu vinavyobeba mbegu, zilizozibwa kwa utomvu. Joto la moto huyeyusha utomvu, koni zinafunguka, mbegu zinamwagika kwenye udongo usio na kivuli. Msitu ukarudi bila jembe, kwingine miche imesongamana hadi hupati pa kupenya. Mikaratusi ya Australia nayo huchipua kupitia gome lilelile lililoungua. Haraka ya nini?

Mchangiaji 1: Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Miti hiyo imeishi na moto tangu enzi. Miti mingi ya msitu wa mvua kama Amazon ina gome jembamba, moto wa chini tu unaiua. Nyasi zikishaingia, moto wa pili unapata kuni za kutosha. Halafu hiyo Yellowstone yako: mwaka 2016 moto ulirudi kwenye misitu michanga iliyoota baada ya 1988, na safari hii miche iliyochipuka ilikuwa michache mno. Hapo nako tukae tutazame?

Mchangiaji 2: Mnajadili miche, mimi naulizia magogo. Mti uliokufa usipovunwa mapema unaoza. Kwa nini mbao zipotee bure?

Mtoa mada: Hazipotei bure, ndugu. Kuna mbawakawa wanaohisi joto la moto kutoka mbali na kuja kutaga kwenye miti iliyoungua, na kuna vigong'ota wanaowafuata kula viluwiluwi vyao. Ukiondoa magogo umewafukuza wote. Kwenye jimbo la Oregon, Marekani, baada ya moto mkubwa wa 2002, watafiti waliona uvunaji wa magogo umepunguza miche iliyojiotea kwa takriban asilimia 71, maana mashine na magogo viliikanyaga. Ripoti hiyo ya 2006 ilizua ugomvi mkubwa, wengine wakataka isichapishwe kwanza.

Mchangiaji 3: Na wanyama? Anayechimba shimo huokoka, udongo hauruhusu joto kwenda chini sana. Koala, mnyama wa Australia anayeishi mitini, hana pa kukimbilia. Wanaorudi hutoka kwenye vipande ambavyo moto uliviruka, kwa hiyo fedha ningeziweka kuvilinda hivyo kwanza.

Mchangiaji 1: Sawa, lakini vipande hivyo vikiwa mbali, mbegu nzito haifiki. Hapo panda, tena miti ya asili ya eneo hilo, mchanganyiko, si aina moja kwa mistari kama shamba.

Mtoa mada: Kwenye moto uliojirudia au palipobaki bila mti wa mbegu, nakubali. Kwingine nataka misimu miwili ya mvua ipite kwanza, watu wahesabu kilichoota, ndipo waombe bajeti ya miche.

Mchangiaji 2: Misimu miwili magogo yangu yameshaliwa na wadudu wako.