MJADALA: Fiksi bayasi kwenye amplifaya ya vali ya kujiundia ni ufundi kweli au ni fiksi tu?

Wakuu heshima kwenu. Kuna jamaa kadai kwamba ukiunda singo-endi, yaani ile amplifaya ambayo vali moja inabeba wimbi zima, halafu ukaweka rezista kwenye kathodi, wewe bado mwanafunzi, eti fundi aliyeiva anaseti bayasi mwenyewe kwa potenshometa, ile rezista ya kuzungusha yenye mkono unaoteleza. Nimelala nalo nimeamka nalo, nikaona nilete tulichambue.

Kwa wageni kidogo. Ndani ya vali kathodi inatoa elektroni, anodi inazipokea, gridi iliyo katikati ndo koki, na bayasi ni volti ya kuibana hiyo koki. Vali isiyo na bayasi ni bomba lililoachwa wazi, mkondo unamwagika mpaka anodi inaiva nyekundu. Ili kuibana gridi lazima iwe hasi kuliko kathodi, na hapo njia ni mbili. Ama unaweka rezista chini ya kathodi, mkondo ukipita kathodi inapanda juu ya graundi na gridi iliyobaki sifuri inajikuta hasi bila kuombwa, ama unatengeneza sapulai ya hasi pembeni unailetea gridi na kathodi unaitia graundi moja kwa moja. Hiyo ya pili ndo fiksi.

Msimamo wangu: kwa vali kama 6V6 na EL84, kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, ni rezista, na simbembelezi mtu.

Tuchukue 6V6. Karatasi ya kiwanda inasema anodi volti 250, skrini (gridi ya pili, iliyo karibu na anodi) volti 250, gridi hasi 12.5, anodi inakula miliampea 45 na skrini 4.5. Zote zinapita kwenye kathodi, jumla 49.5. Gawa 12.5 kwa hiyo unapata omu 252, weka 270, umemaliza. Vali ikizeeka mkondo unashuka, volti kwenye rezista nazo zinashuka, gridi inalegea, mkondo unarudi kidogo. Umeme ukipanda inajibana hivyo hivyo. Sasa chomeka transfoma iliyosukwa kwa 220 kwenye laini iliyofika 240, hita ya vali ya volti 6.3 inasogea karibu 6.9 na ile 250 inakuwa 270 na ushee, fiksi yako uliyoseti saa nane mchana itajuaje?

Na hili siyo la kuhadithiwa. Niliwahi kuunda EL84 ya fiksi, potenshometa nikachukua ya bei chee. Usiku mmoja nimezima taa nasikiliza taarabu, sauti ikaanza kukwaruza, kuangalia hivi naona kwenye ubavu wa anodi kuna doa jekundu kama kucha ya kidole gumba, linakua, na harufu ya vanishi inatoka kwenye transfoma. Mkono wa potenshometa ulikuwa umeachia. Nilichomoa plagi lakini vali haikuwa vali tena. Haya, wa fiksi mje.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada pole kwa vali ila hapo usiisingizie fiksi, ulikosea wewe. Unaweka rezista kutoka mkono wa potenshometa kwenda ule mwisho wa hasi kabisa, mkono ukiachia gridi inavutwa hasi yote, vali inanyamaza tu. Rezista ya shilingi ngapi hiyo. Halafu hasi si inatoka transfoma ile ile? Umeme ukipanda nayo inapanda, kwa hiyo usitutishe na 240. Na mbona kapasita ya kathodi, ile inayokaa sambamba na rezista, hujaigusa, wakati mkondo wa sauti wote unapita hapo? Halafu vali ya 300B je? Ukiipa 350 kwa miliampea 60 inataka hasi 74. Kwa rezista yako unatupa volti 74, karibu wati nne na nusu za kuchoma hewa, na sapulai inabidi ivuke 424 ukijumlisha na kinachopotea kwenye transfoma ya sauti.

Mchangiaji wa pili: Samahani wakubwa mi mgeni, EL84 yangu nimeiseti asilimia 70 ya wati za anodi kama nilivyoelekezwa, mbona haina nguvu na sauti ikipanda kidogo tu inapasuka?

Mleta mada: Dogo hiyo 70 ni ya pushi-puli zile za AB, vali mbili zinazopokezana wimbi, kule vali inapumzika kimya halafu inakula zaidi muziki ukipanda. Singo-endi inakula kiasi kile kile muda wote, umeiseti pabaya ndo maana wimbi linagonga upande mmoja mapema. Kiwanda chenyewe kinaonyesha EL84 kwenye 250 kwa miliampea 48, hiyo ni wati 12 ambayo ndo kikomo chake. Mi naishia asilimia 90 hivi. Ila pima anodi hadi kathodi, siyo anodi hadi graundi, na toa mkondo wa skrini, wengi wanasahau wanaishi na hesabu ya uongo. Na mkono mmoja mfukoni wakati unapima, kapasita hazijui kama umezima.

Mchangiaji wa kwanza, la rezista ya mkono nakubali, ningejua mapema ningekuwa na vali yangu. La hasi kupanda pamoja pia nakubali nusu, maana nusu yenu mnaitia zena, daiodi ya kushikilia volti pale pale, ili itulie, na ikishatulia haipandi tena na volti ya anodi. 300B chukua, sibishani, sina hata hela yake. Kapasita niliwahi kuing'oa nikasikiliza, kilichobadilika nilichoweza kuapa nacho ni sauti kupungua nguvu.

Lakini nijibu hili. Kwa 6V6 kiwanda kinaruhusu rezista ya gridi, ile gridi inayopitia kupata volti yake, hadi kilo-omu 500 ukiwa na bayasi ya kathodi, ukienda fiksi mwisho 100. Sababu ni kwamba vali yenye gesi kidogo inavujisha mkondo kwenye gridi, rezista ikiwa kubwa gridi inapoteza uhasi wake, vali inachemka, inavujisha zaidi, mpaka mwisho wake. Nyie mliohamia fiksi, wangapi mmeacha ile 470 ya zamani pale pale kwenye gridi? Fungua kava ukaangalie kwanza ndo uje kujibu.