MREJESHO: Siku nne Dar peke yangu

Wakuu, nimerudi Mwanza salama. Niliwauliza mtu asiye na ndugu Dar afanye nini asishinde gesti na simu. Mkasema: panda pantoni, kaa kijiweni, salimia watu. Asanteni sana.

Kwenye pantoni ya Kigamboni nilimwamkia mzee mmoja aliyetoka kununua samaki Feri. Kuvuka ni dakika chache, lakini zilitosha. Akalifunua shavu la samaki wake, changu, kwa kidole gumba, ndani kwekundu kama damu. "Ukikuta rangi ya udongo, mwanangu, achana naye."

Kwenye basi la mwendokasi asubuhi sikuambulia mazungumzo, watu wamebanana na kila mtu anawahi kazini.

Ila Kariakoo jioni! Kahawa chungu, kashata, ubishi wa Simba na Yanga. Nilikaa kimya mpaka mmoja akaniuliza nimetokea wapi. Kusema Mwanza tu, babu wa pembeni akageuka: "Mwadila!" Alikuwa hajaongea Kisukuma siku nyingi. Tuliongea mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake, na babu akakataa katakata nilipe.

Mwezi wa kumi na mbili narudi. Nimeahidi kumletea sato wa kukausha.