Naomba ushauri: cheti cha kushusha paa la asbestosi

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi paa, niko Mikindani, Mtwara. Tumepata kazi ya kushusha paa kuukuu la ghala la korosho. Shiti ni za asbestosi (madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu), nyingine zimeshapasuka, ukizigusa unga mweupe unabaki kidoleni. Mwenye ghala anataka vijana wangu wanne wawe na cheti kwanza, na simlaumu.

Nimekuta kozi ya mtandaoni ya siku moja, wanadai inatambulika Marekani. Nikasoma kanuni za EPA, wakala wao wa mazingira: kozi ya mfanyakazi ni siku 4, ndani yake angalau saa 14 za vitendo. Siku moja ni ya kujikumbusha kila mwaka, kwa aliyekwisha soma. Nikaona hapa napigwa. Na hata kingekuwa halali huko kwao, huku sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Chuo nilichouliza hapa mjini wana uashi na umeme tu.

Aliyewahi kupitia hili: OSHA, wakala wetu wa Tanzania wa usalama na afya kazini, wanakubali mafunzo ya nani kwa asbestosi, iwe Mtwara au hata Dar? Na cheti kinatoka kwa jina la fundi au la kampuni? Ngazi tumeshaziteremsha, tunasubiri.