Mrejesho: kuku wa marehemu mama

Habari zenu wakuu. Niliwauliza kuhusu kuku wa mama, walioanza kuharisha kijani na kupinda shingo wiki mbili tu baada ya kumzika. Mlisema ni ugonjwa wa kideri, na kweli. Kati ya 23 wamebaki 4. Nilikimbilia chanjo, kumbe haimponyi aliyekwisha kuugua. Waliokufa nimewafukia mbali na banda. Ugonjwa ulipotulia nikawachanja hawa 4 na vifaranga alionipa shangazi: tone moja jichoni, narudia kila baada ya miezi 3.

Matembele ya mama niliyaacha yakauke, sikuwa na nguvu (mnisamehe, mlinihimiza nimwagilie). Juzi mvua imenyesha, yamechipua yenyewe. Nimechuma fungu moja.

Tetea wake mwekundu bado anaingia jikoni kutaga kwenye ungo wa mama. Sijamfukuza.