Picha za mnada nazihosti mwenyewe, mimi naziona ila wanunuzi hawazioni, msaada

muuza_saa:
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana hili jambo leo siku ya nne na kichwa kinauma. Mimi nauza saa za zamani za mkono eBay (ule mtandao wa minada), nyingi zimeshatumika, na mtu wa saa bwana anataka aone kila kitu, mkwaruzo kwenye kioo, kutu kwenye mfuniko wa nyuma, namba iliyochongwa ndani kwenye mashine, kwahiyo saa moja naweza nikaipiga picha 35 hivi. eBay wanakupa nafasi ya picha 24 kwa tangazo, mimi hazinitoshi (najua kuna mtu atakuja kusema zinatosha, subiri kwanza), ndo nikaamua zile za ziada niziweke kwenye hostingi yangu (nafasi ya kukodi mtandaoni) niliyokuwa nailipia kwa ajili ya tovuti ambayo hata sikuimalizia, halafu naziingiza kwenye maelezo ya tangazo kwa HTML, yale maandishi ya kutengenezea kurasa za mtandao.

Sasa kituko chenyewe. Mimi nikifungua tangazo langu picha zote zipo, safi kabisa. Mnunuzi wa kwanza akaniandikia mbona picha za chini hazionekani, nikajua simu yake tu. Akaja wa pili. Wa tatu akanitumia skrinishoti, ni viboksi vyeupe na kale kapicha kadogo kama karatasi iliyochanika. Nikikopi linki ya picha nikaipesti kwenye brauza inafunguka vizuri, tena nikimtumia mnunuzi hiyo linki na yeye inamfungukia! Ila ndani ya tangazo hamna kitu. Zimebaki siku tatu mnada ufungwe na dau halijasogea toka juzi. Nakosea wapi jamani?

kipanya:
Linki zako zinaanza na http au https (ile yenye usalama)? Kuanzia 2017 eBay walishaanza kukaza hapo, ukurasa wao uko kwenye https, ukiingiza picha ya http brauza inalalamika au inaikataa kabisa. Mara tisa kati ya kumi tatizo huwa hilo. Na kama umeweka linki ya Google Drive ile ya kushea ndo hata usihangaike, ile inafungua ukurasa wenye picha ndani yake, siyo picha yenyewe, lazima linki iishie na jina la faili.

muuza_saa:
https ipo mkuu, na Drive sijagusa, ni domeni (anuani ya tovuti) yangu mwenyewe na mwisho kuna .jpg. Nimeangalia zote moja moja.

mama_lenzi:
Basi mimi nishajua, hilo lilishanitoa jasho. Swali moja tu: kwenye cPanel yako, ile paneli ya kuendeshea hostingi, kuna sehemu ya kulinda picha zisitumike kwenye tovuti za watu, inaitwa Hotlink Protection. Imewashwa?

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi ili usibaki unabonyeza tu. Brauza ikienda kuchukua picha kwenye seva yako (kompyuta ya hostingi inayotunza picha) inabeba kama kikaratasi kinachosema "nimetumwa na ukurasa fulani". Ulinzi ukiwa umewashwa seva inakaa kama mlinzi getini, inasoma kile kikaratasi, ikiona umetumwa na tovuti ambayo haipo kwenye orodha yake unarudishwa mikono mitupu. Ukipesti linki moja kwa moja kwenye brauza unakuja bila kikaratasi, hapo mlinzi wengi wamemwambia asiyetumwa na mtu apite. Ndo maana linki inafunguka na tangazo halifunguki. Picha nzima, seva nzima, kilichokataliwa ni mahali ilipoitwa kutokea.

Na wewe kuziona ni kwasababu ulishafungua tangazo kabla ulinzi haujawashwa, brauza yako ikazihifadhi, sasa kila ukifungua inakuonyesha zile za akiba. Fungua tangazo kwenye dirisha la siri la brauza, au azima simu ya mtu ambaye hajawahi kuliona. Nakuhakikishia na wewe utaviona viboksi vyeupe.

muuza_saa:
Mama yangu shkamoo. Nimefungua dirisha la siri, viboksi vitupu. Nimeingia cPanel nikakuta imewashwa na aliyewasha ni mimi mwenyewe!! Siku ile nimemaliza kuweka tangazo nikawa nazurura tu mle ndani nabonyeza bonyeza, nikaona mambo ya kulinda picha nikasema na zangu zilindwe. Nimezilinda mpaka na wateja. Sasa nizime kabisa?

mama_lenzi:
Marahaba 😂 Ukizima inafanya kazi saa hiyo hiyo, ila mimi nisingezima. Wauzaji wengine wana tabia ya kukopi tangazo lako zima na linki zake, picha zinaonyeshwa kwenye tangazo la mwingine na bandiwidi (data inayotoka kwenye seva) unalipia wewe. Kuna kiboksi cha kuandika tovuti unazoziruhusu, ongeza eBay hapo, sevu, halafu jaribu tena kwa dirisha la siri.

muuza_saa:
Nimeongeza https://ebay.com na https://www.ebay.com. Bado. Viboksi vile vile. Nimefuta kache, nimebadili brauza, nimezima simu nikawasha. Bado.

seva_jikoni:
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapa niingie. Mama_lenzi yuko sahihi kasoro kipande kimoja. Maelezo ya tangazo kule eBay hayakai kwenye ebay.com. Yale unayoandika kwa HTML wanayafungia kwenye fremu yake ndani ya ukurasa, na hiyo fremu inatoka kwenye domeni nyingine, ebaydesc.com. Mnunuzi yeye juu anasoma ebay.com, ila kikaratasi alichobeba brauza kimeandikwa ebaydesc. Mlinzi wako hamjui huyo.

Ongeza na ebaydesc.com pamoja na vidomeni vyake vidogo. Kama hujui ni kipi usibahatishe, fungua logi ya seva ya siku hizo (daftari linaloandika kila aliyekuja kuomba kitu), tafuta jina la picha yako mojawapo, utaona mstari wenye namba 403, yani amekataliwa, na pembeni kabisa anuani iliyoiomba. Hiyo hiyo ndo uikopi. Mimi nikihosti kitu chochote logi naisoma kwanza, watu wanaiogopa bure, ni maandishi tu.

muuza_saa:
IMEKUBALI. Nimeenda kwenye logi nimekuta 403 zimejipanga kama sisimizi, zote za ebaydesc. Nimeongeza, dirisha la siri linaonyesha picha tisa kati ya 12. Tatu bado zimegoma, mbili viboksi na moja kwenye kompyuta haionekani ila kwenye iPhone yangu ipo. Linki nilizoandika zinaishia hivi: saa-nyuma.jpg, saa-taji.jpg, na ile ya tatu IMG_4410.HEIC

kipanya:
Hizi sasa ni zangu. Ingia kwenye folda usome majina yenyewe herufi kwa herufi. Naweka dau kwamba mojawapo imeandikwa .JPG kwa herufi kubwa. Seva nyingi ni Linux, kwake .jpg na .JPG ni vitu viwili tofauti kabisa, kwenye Windows yako usingegundua maisha. Na hiyo HEIC ni iPhone, toka iOS 11 wanahifadhi picha kwa fomati hiyo kupunguza ukubwa, ila ukitoka kwenye Safari (brauza ya Apple) brauza nyingi haziifungui. Igeuze iwe JPEG, au kwenye mipangilio ya kamera chagua ile ya kuendana na vifaa vingi.

Na majina yako yawe herufi ndogo tupu, hamna nafasi katikati, unganisha kwa kistari.

muuza_saa:
Umeloga au? Moja ilikuwa saa-nyuma.JPG na nyingine "saa taji.jpg" yenye nafasi. Nimerekebisha zote, 12 kwa 12. Asanteni sana aisee.

bahili_wa_mb:
Hongera ila mimi nina malalamiko. Nimelipata tangazo lako (nilikuwa natafuta saa ya aina hiyo hiyo kabla sijaona huu uzi) nikalifungua kwa data ya simu, kiongozi, picha moja ina MB 5! Nimekaa naiangalia inashuka mstari kwa mstari kama pazia. Piga hesabu mwenyewe, picha 12 za MB 5 ni MB 60 kwa mtu mmoja kuchungulia tu. Wakija watu 200 hiyo ni GB 12, hostingi ndogo ya bei ya chini inaweza ikakata hapo hapo, na itakata siku ya mwisho ya mnada ndo watu wanajaa.

Punguza picha upande mrefu uwe pikseli 1600, hicho ndo kipimo ambacho hata eBay wenyewe wanakishauri, chini ya 500 hawapokei. Sevu JPEG kwenye ubora wa 80 hivi. Itakuja kama KB 300 na mkwaruzo utaonekana vile vile. Watu 200 hao hao wanakula MB 720 badala ya GB 12.

Na kingine nimekiona sikukipenda. Nimeshusha picha yako moja nikaangalia taarifa zake za ndani, ina alama za GPS. Yani mtu yeyote anajua umeipigia wapi hiyo saa mpaka nyumba. Mitandao mingi ukipandisha picha kwao wanazifuta hizo, ukihosti mwenyewe hakuna wa kukufutia. Mtu anayeuza saa za thamani hatakiwi kuweka ramani ya kwake kwenye kila picha.

muuza_saa:
Hiyo ya GPS imenitoa ganzi. Naziondoa zote saa hii.

mnada_mkongwe:
Mimi ndo yule uliyesema atakuja kusema 24 zinatosha 😀 Zinatosha. Watu wengi wanaingia kwa simu, kwenye app maelezo yamekunjwa, mpaka mtu abonyeze ndo anaona hizo picha zako za chini, na wengi hawabonyezi. Picha inayouza ni zile tatu nne za juu. Za kuhosti mwenyewe ziwe za ziada kweli, mkwaruzo kwa karibu, namba ya ndani, basi. Ukiweka ya muhimu kule halafu seva ikalala, mnunuzi anajua unaficha.

Na msije mkakimbilia kuhosti bure kwa watu. Waliokuwepo 2017 wanakumbuka Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, watu wameweka matangazo na picha zao kule miaka, ghafla masharti yakabadilika, ukitaka picha yako ionekane kwenye tovuti nyingine ulipe dola 399.99 kwa mwaka. Matangazo kibao yalibaki na picha ya onyo badala ya bidhaa. Kwahiyo kwenye hilo la domeni yako mwenyewe nakuunga mkono, ila kumbuka kuilipia, ikiisha muda ndo yale yale.

seva_jikoni:
Naongezea kwa mkongwe: mnada ukiisha usikimbilie kufuta picha kwenye seva ili upate nafasi. Tangazo bado linafunguka baada ya kuuza, na mnunuzi akisema hukumwambia kuhusu mkwaruzo, ushahidi wako ni ile picha. Mimi naziacha miezi mitatu minne ndo nafuta.

muuza_saa:
Mrejesho wakuu. Picha nimezipunguza zote, hamna inayofika KB 350, GPS nimefuta, na ile ya mkwaruzo nimeihamishia juu kwenye zile 24 kama mkongwe alivyosema (sikubali kwamba zinatosha, ila hiyo nimekubali). Dau limesogea mara tatu toka asubuhi. Sasa hivi kuna mtu ameniandikia anauliza ule mkwaruzo karibu na namba 4 ni wa kioo au ni wa uso wa ndani, nimemjibu shuka chini kwenye maelezo kuna nyingine, picha ya tano, nimeipiga kwa pembeni mwanga unagonga kioo. Kajibu "naiona".